Barabara ya Mjini Ina Mita Kumi na Nane Tu

Kaunti au manispaa ikitangaza kwamba barabara kuu ya katikati ya mji "itaboreshwa kwa kushirikisha wananchi", mambo huenda kwa mkondo ule ule. Tangazo linatoka gazetini, watu wanaitwa ukumbini Jumanne saa nne asubuhi, mhandisi anaonyesha picha ya kompyuta yenye miti mikubwa na watoto wanaocheka, wazee kadhaa wanalalamikia taka na maji machafu, soda zinanywewa, daftari la mahudhurio linatiwa sahihi. Baada ya miezi kadhaa tingatinga linafika, na nusu ya wenye maduka hawajui limekuja kufanya nini.

Kwa Kenya mtindo huo ni hatari hata kisheria. Ibara ya 10 ya Katiba inataja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 ina sehemu nzima kuhusu jambo hilo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Lakini tuwaachie mawakili hayo. Barabara iliyochorwa bila wanaoitumia hushindwa kwa njia za kawaida kabisa: kanta, yaani malori madogo ya mizigo, zinapanda njia mpya ya miguu kwa sababu hazikupewa pa kushushia mzigo, benchi zinageuka meza za kuuzia soksi, miti inakufa, na maji ya mvua yanaingia madukani ambako hayakuwahi kuingia.

Kushirikisha watu katika barabara ni kugawana upana. Kutoka ukuta wa maduka ya huku hadi ukuta wa kule hakuongezeki hata sentimita, na kila anayezungumza, awe mwenye duka, mchuuzi, dereva wa matatu au mama aliyebeba mtoto mgongoni, anaomba sehemu ya upana huo. Ukiwauliza watu "mnataka nini?" watataja kila kitu, na wana haki. Waulize "upana huu tuugawe vipi?" uone mazungumzo yanavyobadilika.

Mfano wa karibu ni Luthuli Avenue, Nairobi, mtaa mfupi wa maduka ya spika, televisheni na simu kati ya barabara za Tom Mboya na River Road. Mwaka 2019 Kaunti ya Nairobi, ikisaidiwa na UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, iliugeuza: magari yakaachiwa uelekeo mmoja, njia za miguu zikapanuliwa, miti na viti vikawekwa. Uamuzi uliofungua yote hayo ulikuwa ule wa uelekeo mmoja, kwa maana ndio uliotoa mita. Mengine yote yalikuwa kujaza nafasi iliyopatikana.

Vipande vya manila

Chukua barabara ya mfano yenye mita 18 ukuta hadi ukuta, jambo la kawaida kwa miji yetu. Ukiipima kwa utepe leo huenda ukakuta hivi: njia ya miguu mita 1.5 upande mmoja, maegesho ya mshazari mita 5, njia mbili za magari za mita 3.25 kila moja, mita 2.5 za matatu na magari yaliyojipanga kandokando, kisha njia ya miguu ya mita 2.5 ambayo mita nzima imeliwa na bidhaa zilizotolewa nje ya maduka. Jumlisha, ni 18.

Sasa kata karatasi ngumu ya manila kwa kipimo cha 1:50, yaani sentimita 2 ziwe mita 1. Barabara nzima ni sentimita 36. Ichore kama fremu juu ya meza na uweke mbao nyembamba pande zote mbili ziwe kuta. Kata vipande: njia ya gari sentimita 7 ikiwa moja au 6.5 kila moja zikiwa mbili, maegesho ya mshazari 10, sehemu ya kupakia na kupakua mizigo 5, baiskeli 4, ukanda wa miti, taa na vibanda 3, njia ya miguu 6 au 8. Kila kipande kipe rangi yake na ukiandike jina kwa kalamu nene, kwa Kiswahili, bila vifupisho vya kihandisi. Keti na watu sita hadi wanane kwa meza, si zaidi. Wakizidi hapo wawili wataongea na waliobaki watatazama.

Wenye maduka karibu kila mara huanza na magari: njia mbili (sentimita 13) na maegesho ya mshazari pande zote (20). Hapo zimekwenda 33, zimebaki 3. Mpe aliyepanga hivyo vipande viwili vya sentimita moja na nusu na umwambie hizo ndizo njia zake za miguu, sentimita 75 kila upande mtaani penyewe. Usiongeze neno. Meza itamjibu.

Baada ya saa moja hivi meza nyingi hukaribia mgawo wa namna hii: miguu mita 3, ukanda wa miti na vibanda 1.5, kupakia mizigo 2.5, njia moja ya gari 3.5, baiskeli 2, ukanda mwingine 1.5, na miguu mita 4 upande wenye watu wengi zaidi. Ni 18 kamili. Baiskeli na gari ukivitenganisha kwa ukingo wa chini, sentimita 5 tu wenye mgongo uliolala, gari la zimamoto linapata mita 5.5 za kupita na kusimamia likihitaji. Hilo liulize mapema kwa zimamoto wenyewe, maana wakilikataa mwishoni mchoro wote unarudi mwanzo.

Sikubaliani na wanaopeleka mezani michoro mitatu tayari, A, B na C, na kuwaambia watu wapige kura. Kura ya namna hiyo huficha mabishano, na mabishano ndiyo kazi. Mtu aliyehamisha kipande cha maegesho kwa mkono wake akakosa pa kukiweka hatakuja baadaye kusema ameibiwa.

Hesabu kabla ya mkutano

Mabishano bila hesabu ni kelele. Kabla ya mkutano wowote hesabuni watu na magari, na muwafundishe vijana wa mtaa huo huo wawe wahesabuji. Mstari wa chaki uchorwe kukatisha njia ya miguu. Kila anayeuvuka ni alama moja, tano tano. Dakika 15 katika kila saa, zidisha kwa nne, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3 usiku. Chagueni siku tatu: siku ya kawaida katikati ya wiki, Ijumaa au Jumamosi, na siku moja ya mwisho wa mwezi mishahara ikiwa imeingia. Siku ya mvua isitumike peke yake. Wahesabuji wawili kila mstari, kwa sababu mmoja atataka chai na mwingine atapigiwa simu.

Tenganisheni waenda kwa miguu, waliobeba mizigo, mikokoteni, bodaboda, matatu, magari madogo, pikapu na kanta. Waliobeba mizigo wana safu yao kwa sababu mtu mwenye katoni ya televisheni kichwani anahitaji nafasi ya watu wawili.

Kanuni ya kukadiria ni kwamba kila mita ya njia iliyo wazi kweli kweli hupitisha watu wapatao 30 kwa dakika bila kusukumana. Toa nusu mita kando ya maduka, maana watu husimama kutazama vioo, na sentimita 30 nyingine kama njia inaishia kwenye ukingo wa barabara yenye magari. Ile njia yetu ya mita 1.5 inabaki na sentimita 70, yaani watu 21 kwa dakika. Kama mmehesabu 70 kwa dakika jioni, mmejua kwa nini hamsini wanatembea barabarani katikati ya matatu: pembeni hapana nafasi. Njia mpya ya mita 3, yenye ukanda wa miti kuikinga na magari, ina mita 2.5 wazi na inapitisha watu 75.

Maegesho yahesabiwe kwa jinsi yake. Mtu mmoja atembee mtaa mzima kila nusu saa akiandika tarakimu tatu za namba ya kila gari lililosimama na nafasi liliposimama. Jioni mtajua kila gari lilikaa muda gani. Chukua nafasi 40 na gari likae wastani wa saa 4 katika siku ya kazi ya saa 10: ni magari 100 kwa siku, na ukikadiria mtu mmoja na nusu kwa gari, ni watu 150. Idadi hiyo hupita kwa miguu upande mmoja ndani ya dakika tatu za jioni. Yanayokaa kutwa mara nyingi ni ya wenye maduka na wafanyakazi wao, jambo ambalo hakuna atakayelisema ukumbini, lakini orodha inalisema. Msisome namba za magari mbele ya watu. Toeni jumla tu, kila mtu atajijua.

Asiyekuja mkutanoni

Kosa kubwa la mikutano hii ni saa. Saa nne asubuhi mwenye duka anafungua mzigo, mchuuzi yuko kazini, hamali anashusha magunia, na wanaobaki huru kuja ni madalali na wanasiasa. Fuateni kila kundi kwa saa zake. Makondakta na madereva wanapatikana kwenye steji kati ya saa tano na saa nane mchana, abiria wakiwa wachache. Wachuuzi wengi huanza jioni, kwa hiyo saa saba mchana wako macho na hawajapanga bidhaa. Walinzi wa usiku waendeeni saa mbili usiku. Hao ndio wanaojua taa ipi haiwaki, kona ipi watu huporwa na mtaro upi hufurika kwanza. Wanawake wanaofunga vibanda gizani watawaambia mambo ya usalama ambayo hayatasemwa mbele ya kamati ya soko. Msikilize kila kundi peke yake kwanza, kisha muyakutanishe. Mkianza na mkutano wa wote, mwenye nyumba ataongea na mpangaji wake atanyamaza.

Na mtofautishe mwenye nyumba, mwenye duka na aliyekodi meza ndani ya duka. Jengo moja la ghorofa la mtaa wa namna hii linaweza kuwa na vibanda vingi ndani, kila kimoja na mtu wake. Mwenye nyumba anataka barabara nzuri ili apandishe kodi. Aliyekodi meza anaogopa barabara nzuri kwa sababu hiyo hiyo. Wote wawili mkiwaandika "wafanyabiashara" mmepoteza habari.

Wachuuzi wahesabiwe mapema kabla habari hazijaenea, siku tatu tofauti, kwa sababu orodha ikitangazwa kwanza majina yataongezeka usiku mmoja. Kisha muwaeleze ukweli wa nafasi. Ukanda wa mita 1.5 wenye miti kila baada ya mita 8 unabeba vibanda vitatu vya mita 1.5 kwa 1.2 kati ya mti na mti, mkiacha nafasi za kupita. Mtaa wa mita 300, ukiondoa robo kwa vivuko, milango ya magari na pembe za makutano, una nafasi 28 za miti kwa miti, yaani vibanda 84 upande mmoja. Kama kuna wachuuzi 240 na pande mbili zinatoa nafasi 168, wambieni hivyo, na wao wenyewe waseme kama watapokezana zamu ya asubuhi na ya jioni. Kuwapeleka mahali wateja hawapiti hakusaidii. Machinga Complex, jengo la soko la wachuuzi la Dar es Salaam, ilijengwa kwa zege la kutosha na bado vizimba vingi vilikaa vitupu huku wamachinga wakirudi barabarani, maana mteja wao ni mpita njia.

Kila maoni yaandikwe na yajibiwe. Jedwali la safu tatu linatosha: kilichosemwa, tulichoamua, sababu. Libandikwe ukutani mtaani kwenyewe, pamoja na mchoro mkubwa wa kipimo cha 1:100, kwa angalau siku 14, na kalamu ifungwe kwa kamba pembeni. "Hapana" yenye sababu huheshimika. Ukimya ndio unaozaa maandamano.

Chokaa, kisha mapipa

Mchoro ukikubalika, mjaribu Jumapili alfajiri kwa chokaa. Chora mistari yote mtaani kwa ukubwa wake halisi, kisha upitishe magari halisi: kanta iliyojaa, gari la taka, la zimamoto, mkokoteni. Pembe za makutano mtakuwa mmezibana ili magari yakate kona polepole, tuseme kutoka nusu kipenyo cha mita 8 hadi 4, na programu ya kompyuta itasema gari linapita. Dereva wa zimamoto ndiye atakayewaonyesha kwamba linapita ila kwa kugusa nguzo ya stima.

Baada ya hapo jaribio la wiki nne hadi nane. Msinunue vizuizi vya plastiki, vitaibwa au vitapeperuka, na vya chuma vitauzwa kwa kilo. Pipa la lita 200 lililojazwa mchanga lina uzito wa zaidi ya kilo 300 na halihamishwi na mtu mmoja. Lipakwe rangi nyeupe na lizungushiwe utepe unaong'aa, kwa sababu ajali za usiku za wiki ya kwanza ni za bodaboda kuparamia mapipa yasiyoonekana. Sehemu ya miguu juu ya lami ipakwe rangi isiyong'aa iliyochanganywa na mchanga mlaini. Rangi ya kawaida ya mistari huteleza mvua ikinyesha.

Jaribio litaonyesha mambo mawili karibu kila mahali. La kwanza, magari yaliyobaki yataenda kasi zaidi, maana uelekeo mmoja hauna wa kukutana naye. Dawa yake ni kivuko kilichoinuliwa sentimita 10, chenye miteremko mirefu ya mita moja hadi moja na nusu, kila baada ya mita 80 au 100. La pili, mizigo. Mkiweka saa za kupakua kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa moja jioni, duka la nguo litaridhika, lakini la jumla halitaweza. Acheni nafasi mbili za kanta, mita 2.5 kwa 9, katika kila mita 50, wazi kutwa, kwa muda mfupi. Zikikosekana, mtaziona zimejitengeneza juu ya njia ya miguu.

Ogopeni pia kufunga mtaa kabla ya kuupa kitu. Kigali ilifunga barabara ya KN 4 kwa magari mwaka 2015, na kwa miaka kadhaa ilibaki lami tupu huku wafanyabiashara wakilalamika kwamba wateja wamepungua. Viti, kivuli na bustani vilikuja baadaye, ilipotengenezwa upya kwa jina la Imbuga City Walk. Mpangilio huo ungegeuzwa, kivuli kitangulie.

Chini ya kabro

Chini ya kabro, yaani matofali ya zege ya kutandika njia, ndipo pesa hupotelea, na hapa wananchi mara nyingi hawaulizwi ingawa wanajua mengi.

Anza na kizingiti cha mlango wa duka, kwa sababu hicho hakihami. Njia ya miguu pamoja na ukanda wake ni mita 4.5, ili maji yatoke madukani kwenda barabarani inahitaji mteremko wa asilimia 2, yaani sentimita 9. Ongeza ukingo wa sentimita 10. Kwa hiyo lami inapaswa kuwa sentimita 19 chini ya kizingiti. Sasa nenda kapime. Barabara iliyowekwa tabaka jipya la lami la sentimita 5 mara tatu bila kukwangua la zamani imepanda sentimita 15, na huenda ikawa karibu sawa na mlango. Mkandarasi akipewa mchoro wa jumla ataweka njia ya miguu mahali inapotosha, na mvua kubwa ya kwanza itaingia dukani. Kukwangua lami kuwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Ndicho kitu cha kwanza kufutwa pesa zikipungua na ndicho kisichopaswa kufutwa.

Mtaro ni shida ya pili. Ukingo ukisogezwa mita 3 kuelekea katikati, matundu ya zamani ya kupokea maji yanabaki chini ya njia ya miguu, na sehemu mpya ya chini haina tundu hata moja. Matundu mapya yajengwe kwenye mstari mpya na yaunganishwe na mtaro wa zamani kama bado uko hai. Mwageni maji kwa boza kabla ya kuufunika mkaone yanatokea wapi. Vifuniko viwe vya zege, si chuma. Kifuniko cha sentimita 60 kwa 60 chenye unene wa 10 kina uzito wa kilo 86 hivi: watu wawili wanakiinua kusafisha, mwizi mmoja hakimfai. Mtaro usioweza kufunguliwa kila mita 20 utaziba na hautazibuliwa.

Mabomba na nyaya: ramani za mashirika zinadanganya, si kwa nia mbaya. Chimbeni mashimo ya majaribio kwa jembe na sururu kila mita 25 kabla ya mchoro wa mwisho. Na lazeni mabomba manne matupu ya milimita 110 kukatisha barabara kila mita 50, mwandike yalipo. Bila hayo, kampuni ya faiba, nyaya za intaneti, itafika miezi mitatu baada ya uzinduzi na msumeno.

Kabro za milimita 60 ni za miguu. Zinapopita magari, hata mara moja kwa siku, ni milimita 80, na kwenye nafasi za kanta ziwe juu ya zege. Chini kuwe na sentimita 15 hadi 20 za moramu au kokoto iliyoshindiliwa, kisha mchanga sentimita 3. Kosa la kila siku ni kuficha msingi usio sawa kwa kumwaga mchanga sentimita 10. Unaonekana vizuri siku ya kukata utepe, halafu unabonyea. Kosa la pili ni kuacha pembeni bila jiwe la kuzuia, kabro zikaachana taratibu kuanzia ukingoni. Mita moja ya mraba hula kabro 50 za sentimita 20 kwa 10. Mtaa wetu wa mita 300 wenye mita 10 za kabro, pande zote zikijumlishwa, ni kabro 150,000. Nunueni asilimia 3 zaidi, 4,500, mziweke ghala la kaunti. Rangi ile ile haipatikani tena baada ya mwaka.

Miteremko ya viti vya magurudumu iwe 1 kwa 12: ukingo wa sentimita 12 unataka mteremko wa karibu mita moja na nusu. Mkokoteni utautumia pia, na ni sawa. Nguzo za kuzuia magari zikiachana mita 1.2 kiti cha magurudumu kinapita na gari halipiti. Bodaboda itapita. Hakuna nguzo inayozuia bodaboda bila kumzuia mlemavu, kwa hiyo wapeni steji yao kwenye mtaa wa pembeni, mita chache kutoka kona, mzungumze nao kama watu.

Miti sasa. Shimo la mita 1.5 kwa 1.5 na kina cha mita 1.2, udongo mzuri na mbolea; shimo la ndoo mbili ni kaburi la mche. Lita 20 za maji mara mbili kwa wiki kwa misimu miwili ya kiangazi, na jina la anayemwagilia liandikwe kwenye makubaliano. Mti ukipandwa mbele ya bango la duka utakufa kimya kimya, na hakuna mlinzi atakayekuwa ameona aliyemwaga maji ya moto. Pandeni kwenye mstari wa ukuta kati ya duka na duka, chagueni mti unaoweza kupogolewa shina likawa wazi hadi mita 2.5, na muwaonyeshe wenye maduka mahali pa kila mti kwa kigingi kabla ya kuchimba. Mkuyu na jamii yake msiusogeze karibu na kabro, mizizi yake haina adabu.

Wakati wa ujenzi na baada yake

Msifungue mtaa mzima kwa pamoja. Mita 60 hadi 80, upande mmoja, na kila mlango uwekewe daraja la mbao lenye upana wa mita 1.2 na reli ya kushikilia. Liandikwe kwenye mkataba pamoja na faini kwa kila siku mlango unapofungwa, la sivyo mkandarasi ataweka ubao mmoja unaotikisika. Novemba na Desemba kusichimbwe mbele ya maduka; Pwani epukeni pia siku za mwisho za Ramadhani. Mwenye duka akipoteza msimu mmoja amepoteza mwaka, na kamati itasambaratika mikononi mwenu.

Kamati ya mtaa iwe na namba ya simu ya msimamizi wa kazi na haki ya kuona vipimo. Wafundisheni mambo matatu tu ya kukagua: unene wa mchanga kwa rula, mteremko kwa pima maji ya mita mbili (asilimia 2 ni sentimita 4 kwenye urefu huo), na maji yaliyomwagwa kwa ndoo yanaelekea wapi. Mama muuza chai mwenye rula ni mkaguzi mzuri kuliko afisa anayekuja mara moja kwa mwezi.

Kuhusu kanjo, yaani askari wa kaunti: kanuni za vibanda, mizigo na sauti za spika ziandikwe kwenye kibao kifupi mtaani, na nafasi za wachuuzi zichorwe kwa rangi chini. Mstari wa rangi unapunguza nafasi ya askari kuamua kwa mfuko wake nani aondoke.

Rudieni hesabu baada ya miezi sita, mistari ile ile, siku zile zile, saa zile zile, na mbandike matokeo ukutani hata yakiwa mabaya. Sehemu ya malipo ya mkandarasi inayozuiwa kama dhamana ya kasoro isiachiliwe kabla masika hayajapita. Siku ya mvua kubwa, kamati itembee mtaa mzima na chaki, izungushie kila dimbwi na kila kabro iliyobonyea, ipige picha zenye tarehe. Orodha hiyo ndiyo iandamane na barua ya kumwita mkandarasi arudi.